"Mata Amekuja": Shitala, Siku ya Kiporo na Mtoto Mwenye Malengelenge

"Shikamoo Daktari. Ninafanya kazi za ndani kwa familia ya Kihindu ya Kigujarati hapa Upanga, Dar es Salaam, na ninalala hapo hapo. Kila mwezi Agosti huwa kuna siku moja ambayo jiko haliwashwi kabisa. Tunapika siku inayotangulia, kesho yake watu wote wanakula kiporo kwa heshima ya mungu mmoja wa kike anayepanda punda. Mwaka huu, wiki mbili baada ya siku hiyo, mjukuu wa miaka sita alitoka malengelenge mwili mzima. Bibi yake akasema 'Mata amekuja', akatundika majani ya mwarobaini mlangoni, akakataza kukaanga viungo, na akakataza mtoto asipewe dawa wala sindano, asije Mata akachukia. Mama wa mtoto anataka hospitali lakini anamwogopa mkwewe. Mimi ni Mwislamu na nina mimba ya miezi mitano. Jirani ameniambia kwamba huyo ni jini la ndui na nikiendelea kukaa pale litanifuata. Je, huyu ni mungu wa kuleta maradhi au wa kuponya? Nimeshiriki ibada bila kujua? Na mtoto je, aachwe hivyo?"

Marahaba, binti yangu. Umeuliza kuhusu jini, kuhusu ibada na kuhusu mtoto, lakini jambo lenye haraka kuliko yote umelitaja kwa maneno machache tu, nalo ni mimba yako. Udaktari wangu ni wa historia ya dini na maradhi, si wa kutibu, kwa hiyo sitathubutu kumpima mtu kwa barua. Hata hivyo maelezo yako yanafanana na tetekuwanga, na tetekuwanga kwa mjamzito haisubiriwi. Ikiwa una hakika uliugua utotoni, kwa kawaida mwili wako unayo kinga. Ikiwa hujui, nenda leo kliniki unakohudhuria ukiwa na kadi yako, ueleze kwamba unaishi nyumba moja na mtoto mwenye malengelenge na kwamba yalianza siku fulani. Ukiweza, piga simu kwanza au mtangulize mtu, ili usikae benchi moja na wajawazito wenzako kabla wahudumu hawajajua habari yako. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama una kinga, na zipo hatua ambazo husaidia zaidi zikichukuliwa mapema. Chanjo ya tetekuwanga yenyewe haitolewi kwa mjamzito, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo usiitafute mwenyewe.

Kitu kinachoweza kukufuata katika nyumba hiyo ni kirusi. Hupita kwa pumzi na kwa majimaji ya malengelenge, huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijaonekana, na huendelea mpaka malengelenge yote yakauke na kuwa vigaga. Aliyeambukizwa huanza kuugua kati ya siku 10 na 21 baadaye, kwa hiyo kujiona mzima leo hakukuhakikishii kitu. Mpaka kliniki watakapokujibu, mtu mwingine amhudumie mtoto, na shuka zake asifue mjamzito.

Sasa tuje kwa huyo mwenye punda. Jina lake ni Shitala, maana yake aliye baridi, na waumini wengi wa kaskazini na magharibi mwa India humwita Shitala Mata, yaani Mama Shitala. Utenzi wa Kisanskriti unaosomwa sana katika ibada yake unamsifu akiwa amepanda punda, hana nguo mwilini, ana ufagio na mtungi, na kichwani amejipamba kwa ungo. Ukiitazama picha yake ambayo huenda imebandikwa karibu na jiko la bosi wako, utamwona punda, ufagio, mtungi na ungo, na mara nyingi pamoja na majani ya mwarobaini. Ni vyombo vya kila siku vya mwanamke wa kijijini, vya kufagia, kupepeta na kuteka maji. Waumini hueleza kwamba kwa ungo na ufagio hukusanya na kufagia maradhi, na kwa maji ya mtungi huyapoza. Katika baadhi ya masimulizi ya Bengal, mashariki mwa India, amebeba pia mbegu za dengu ambazo huwageukia watu kuwa vipele, na hufuatana na Jvarasura, jitu la homa.

Kwa hiyo swali lako, kama analeta au anaponya, lina jibu ambalo jirani yako hakulitarajia: yote mawili, na kwa waumini hakuna mgongano hapo. Katika fikra hii ugonjwa wa malengelenge si mshale uliorushwa na adui aliye mbali. Ni Mama mwenyewe aliyeingia mwilini. Ndiyo maana bibi hakusema kwamba mtoto anaumwa, akasema Mata amekuja. Kusini mwa India, ambako mungu wa kike Mariamman ana nafasi inayokaribiana sana na ya Shitala, Watamili nao huuita ugonjwa huo kwa jina la Mama, na Wabengali waliita ndui huruma ya Mama. Mtu asiyeizoea lugha hii anaweza kudhani ni kejeli, lakini ni adabu. Mgeni mwenye hadhi na mkali akishaingia ndani, hafukuzwi kwa kelele. Hutulizwa, hupewa anachokipenda, na husindikizwa aondoke kwa amani bila kumdhuru mwenyeji.

Anachokipenda mgeni huyu ni ubaridi, na hapa ndipo desturi zote ulizoziona zinapoungana. Katika mafundisho ya zamani ya tiba na ibada ya India, homa na vipele ni joto lililozidi. Mtu mwenye ndui aliungua kwa homa siku kadhaa kabla ya vipele kuonekana, kisha ngozi ikajaa malengelenge kana kwamba imemwagiwa maji ya moto, hivyo fikra hiyo ilikuwa na ushahidi wake machoni pa watu. Joto likizidi, nyumba nzima hupozwa: hakukaangwi viungo kwenye mafuta, hakupikwi nyama, wageni hupunguzwa, mgonjwa hulazwa chumba tulivu na kupepewa kwa tawi la mwarobaini. Hata majira yana maana yake. Kaskazini mwa India ndui ilikuwa ikipamba moto katika miezi mikavu ya machipuko, na sikukuu kubwa ya Shitala kwa watu wa Rajasthan na majirani zao huangukia siku ya nane baada ya Holi, sikukuu ya Kihindu ya rangi, yaani Machi au mapema Aprili. Kwenye kilima cha Chaksu, karibu na Jaipur, hufanyika gulio kubwa siku hizo, na punda, mnyama anayedharauliwa mwaka mzima, naye hupata heshima yake.

Wagujarati wana siku yao katika mwezi wa Shravan wa kalenda ya Kihindu, siku ya saba ya nusu ya giza, yaani mwezi unapopungua, ambayo kwa kawaida huwa Agosti. Siku ya sita ni ya kupika. Usiku jiko husafishwa, hupozwa kabisa, hupakwa alama nyekundu ya ibada na kuwekewa maua au mche. Hadithi inayosimuliwa siku hiyo, ambayo bibi hapo nyumbani bila shaka anaijua kwa moyo, inasema kwamba usiku huo Shitala hupita nyumba kwa nyumba akijigaragaza kwenye majivu ya majiko ili apoe. Mke wa mwana mdogo katika nyumba moja alikuwa amechoka kwa kupika, akapitiwa na usingizi akimnyonyesha mtoto, makaa yakabaki yanawaka. Shitala akaungua, akaapiza: kama mwili wangu ulivyoungua, na uzao wako uungue. Asubuhi mama akamkuta mwanawe amekufa.

Hakukaa kulia tu. Alimweka mtoto katika kapu, akajitwika, akatoka kumtafuta Shitala. Njiani alikuta mabwawa mawili ambayo maji yake hakuna aliyeyanywa, na mafahali wawili waliofungwa mawe ya kusagia shingoni, wasioacha kupigana. Wote walimwomba awaulizie kosa lao. Mwishowe alimkuta kikongwe chini ya mti, nywele zimemjaa chawa, akimwomba amkune kichwa. Yule mama, pamoja na msiba wake wote, akakaa chini, akamlaza mtoto wake mfu magotini pa kikongwe, akaanza kumtoa chawa. Kikongwe akasema: kama ulivyokipoza kichwa changu, na tumbo lako lipoe. Mtoto akafumbua macho. Kikongwe ndiye aliyekuwa Shitala, na mabwawa na mafahali walikuwa watu ambao katika maisha yaliyopita walimnyima jirani mtindi na jiwe la kusagia. Mke wa mwana mkubwa aliposikia habari hiyo, mwaka uliofuata aliacha jiko linawaka kwa makusudi ili naye abarikiwe, lakini alipoombwa msaada njiani alikataa, na kikongwe alipomwomba amkune kichwa alikataa pia. Alirudi na kapu lake kama alivyokwenda.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu inaeleza kile ulichokifanya Agosti kuliko maelezo yoyote ya kitabuni. Jiko kutowashwa ni kumpa Mama mahali pa kupumzika pasipo moto. Kiporo si adhabu wala mfungo, ni chakula cha siku ya baridi. Tena ukikumbuka mlichopika, utaona kwamba wapishi wa Kigujarati hawakuwa wajinga. Thepla, ambazo ni kama chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, pamoja na puri na vitafunio vilivyokauka kwa kukaangwa, ni vyakula vyenye maji machache ambavyo havichachi upesi. Joto la Dar es Salaam si mchezo, kwa hiyo wali uliopikwa jana ndio wa kuogopa. Usiuache mezani usiku kucha, uweke kwenye friji mapema.

Kosa lingine, ambalo hata baadhi ya vitabu hulifanya, ni kudhani kwamba ibada hii na tiba vimekuwa maadui tangu mwanzo. Katika karne ya 18 Bengal ilikuwa na mafundi walioitwa tikadari, wengi wao Wabrahmini, yaani watu wa tabaka la makuhani, waliozunguka vijijini kabla ya msimu wa ndui kuwachanja watu. Mwingereza J. Z. Holwell, aliyefanya kazi ya tiba Bengal, aliandika mwaka 1767 kuwaeleza madaktari wa London jinsi mafundi hao walivyofanya kazi. Mtu alijiandaa mwezi mzima bila kula samaki, maziwa wala samli. Fundi alisugua mkono kwa kitambaa, akachanja michubuko midogo, kisha akaweka juu yake kipande cha pamba chenye usaha wa ndui wa mwaka uliopita, kilicholoweshwa matone machache ya maji ya mto Ganges, huku akisoma maneno ya ibada. Baada ya hapo aliyechanjwa alimwagiwa maji baridi asubuhi na jioni mpaka homa ilipoanza.

Angalia vizuri kilichofanyika hapo. Aliyechanjwa alipata ndui hafifu kwa makusudi, na baadaye mwili wake ulikuwa na kinga. Familia ilimhesabu kuwa ametembelewa na Mama, ikashika miiko ile ile ya ubaridi na kufanya ibada ile ile. Kwao tikadari alikuwa mtu aliyemkaribisha Mama kwa heshima ili aje kwa upole, wala hakuna aliyemwona kuwa anapigana naye. Njia hiyo ilikuwa na hatari: wachache walikufa, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza wengine ndui kamili. Lakini ndui ya kawaida iliua karibu watu 3 katika kila 10 waliougua, hivyo hesabu ya wazazi wale ilikuwa sahihi.

Chanjo iliyotokana na ndui ya ng'ombe ilifika Bombay mwaka 1802, na ilikuwa salama zaidi kwa mbali. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku kazi ya tikadari mjini Calcutta mwaka 1865. Wengi waliikwepa chanjo mpya, na wasimamizi wa kikoloni walikuwa wepesi kulaumu imani katika Shitala. Imani ilikuwa na sehemu yake, sikatai. Lakini chanjo hiyo ilitoka kwa ng'ombe, mnyama mtakatifu, kisha ilihamishwa kutoka mkono wa mtoto mmoja kwenda wa mwingine bila kujali tabaka. Haikuwa na ibada yoyote, ililetwa na maofisa wa serikali iliyotawala kwa nguvu, na iliwanyang'anya mafundi riziki yao. Baadhi ya tikadari walipoajiriwa kuwa wachanjaji, watu wale wale waliokuwa wakiikwepa waliinyooshea mikono.

Ndui iliendelea kuua mpaka enzi za wazazi wetu. Mwaka 1974 mlipuko mkubwa uliikumba India, hasa Bihar. Mwaka 1975 mtoto wa kike wa kisiwa cha Bhola, Bangladesh, akawa mtu wa mwisho kuugua kwa njia ya asili ile aina kali. Aina hafifu iliishia huku kwetu Afrika Mashariki: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, aliugua Oktoba 1977 na akapona. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Kwa hiyo hilo "jini la ndui" la jirani yako halina ndui ya kumpa mtu tangu kabla hujazaliwa. Shitala mwenyewe hakustaafu. Leo anaombwa kwa ajili ya tetekuwanga, surua, magonjwa ya ngozi, na zaidi ya yote afya ya watoto. Miungu wa namna hii huzaliwa hata sasa: huko Coimbatore, kusini mwa India, mwaka 2021 waliweka sanamu ya Corona Devi wakati watu wakifa kwa korona.

Nikirudi kwa mtoto: aachwe hivyo? Hapana, lakini pia si kila alichoagiza bibi ni kibaya. Kumtenga chumbani, kupunguza wageni, kumpa vyakula laini na vinywaji baridi, kumwogesha maji ya uvuguvugu au ya baridi kidogo na kumpunguzia kujikuna kwa tawi laini ni mambo ambayo hata muuguzi asingeyapinga. Mwarobaini mlangoni hauna madhara, ila hauui kirusi kilichomo mwilini. Mafuta ya mwarobaini yasinyweshwe mtoto kabisa, kwa kuwa yamewahi kuwadhuru watoto wadogo hata kuwaletea degedege. Homa hushushwa kwa parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake. Aspirini asipewe, kwa sababu kwa watoto wenye tetekuwanga inaweza kusababisha ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo. Kucha zikatwe fupi, na losheni ya kalamaini inatuliza mwasho.

Watoto wengi wenye afya hupona tetekuwanga ndani ya wiki moja au mbili, na huo ndio ukweli ambao bibi ameuona mara nyingi maishani mwake. Asichoweza kukiona kwa macho ni kwamba vipele si lazima viwe vya tetekuwanga. Surua huhitaji uangalizi wake, na tangu mwaka 2024 ugonjwa wa mpox umekuwa ukienea katika nchi kadhaa za ukanda wetu. Mtoto aonwe na mhudumu wa afya mara moja, walau kuujua ugonjwa. Akipumua kwa shida au haraka mno, akiwa mzito kuamka, akikakamaa shingo, akitapika mfululizo, akipata degedege, akishindwa kunywa, homa ikizidi siku nne, au sehemu ya ngozi ikivimba, kuwa nyekundu na kutoa usaha, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mama wa mtoto hana haja ya kumshinda mkwewe kwa hoja ya kwamba Mata hayupo. Hoja hiyo atashindwa nayo, na mtoto atabaki chumbani. Amweleze kwa unyenyekevu kwamba tikadari wa zamani walichanja kwa jina la Mama mwenyewe, na kwamba kumpeleka mtoto kwa daktari si kumfukuza mgeni. Miiko ya jikoni iendelee, majani yabaki mlangoni, na ibada ya kumsindikiza Mata ifanyike mtoto akishapona kama desturi yao ilivyo. Kama mzee wa familia au kuhani wa hekalu lao yuko tayari kulisema jambo hilo, neno lake litafika mbali kuliko la mkwe. Wewe usilibebe jukumu la kubishana na mwajiri wako, lakini ukiona dalili za hatari nilizozitaja, mwambie mama wa mtoto waziwazi.

Kuhusu imani yako, sheria ya dini yako ni ya kuulizwa kwa mwalimu wako, si kwangu. Ninachoweza kukuambia ni kile kilichotendeka: hukuomba dua kwa Shitala, hukutoa sadaka, hukupiga magoti. Ulipika siku moja na ukaacha jiko siku ya pili kwa agizo la nyumba unayofanyia kazi. Mpelekee mwalimu wako maelezo hayo jinsi yalivyo, bila lile neno jini alilolitia jirani. Kama bado moyo utakuwa mzito, hakuna ubaya kumwomba mwajiri mapema kwamba mwaka ujao siku hiyo iwe ya mapumziko yako. Nawe ukiamua kubaki, kumbuka kwamba Agosti ijayo utakuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo jaza chupa ya chai maji yaliyochemka jioni ya siku ya kupika, kabla jiko halijapozwa.